Insha ya maelezo na upatanisho wa kisarufi: vifundishwe pamoja?

Swali: Walimu wenzangu, wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili wanapoandika insha ya maelezo kuhusu kilimo cha korosho, huorodhesha hatua bila kuzifafanua, na huandika “mikorosho zinapuliziwa dawa”. Nianze na muundo wa insha au na sarufi?

Jibu la kwanza: Usivitenganishe, mwalimu. Kila aya ianze na wazo kuu, kisha mwanafunzi ajibu “kwa nini?” na “matokeo yake ni nini?”, kama hivi: “Mikorosho inapuliziwa salfa kwa sababu ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu) hushambulia maua, na maua yaliyoshambuliwa hunyauka kabla ya kuzaa.” Sentensi hiyo moja ina sababu, matokeo na upatanisho wa ngeli mbili.

Jibu la pili: Naunga mkono, ila usisahihishe makosa yote kwa mkupuo, kwa maana daftari lililojaa wino mwekundu humvunja moyo mtoto. Wiki hii shughulikia ngeli ya M-MI pekee: kila mmoja apigie mstari nomino na kiambishi cha kitenzi chake katika insha yake mwenyewe, kisha arekebishe “zinapuliziwa” kuwa “inapuliziwa”.

Muuliza swali: Ahsanteni sana. Nitaanza na aya moja tu.