Naomba ushauri: mkaa mzuri wa kuchomea nyama nyumbani, kwa bei nafuu, hapa Dar es Salaam

Mkazi wa Goba (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina jiko la kuchomea nyama uani, lile la pipa lililopasuliwa katikati na kuwekewa wavu, na mwisho wa wiki huwa tunachoma mishikaki, kuku au mbuzi kwa ajili ya familia na wageni. Kinachonisumbua ni mkaa. Ninaounua kwa kopo hapa mtaani hautabiriki: leo unawaka vizuri, wiki ijayo unarusha cheche hadi kwa watoto, au unatoa moshi unaoiachia nyama uchungu, au unakwisha kabla paja la kuku halijaiva karibu na mfupa. Nimeulizia magunia kwa wauzaji kadhaa wa barabara ya Morogoro, na bei zinapishana sana ingawa kila mmoja ananihakikishia kuwa mkaa wake umetoka Kilosa.

Naomba kujua namna ya kuutambua mkaa mzuri kabla sijalipa, na kama gunia lina unafuu wa kweli kuliko kopo. Pia nisingependa kununua mkaa uliokatwa kwa wizi msituni, kwa hiyo mwenye ufahamu wa jambo hilo anisaidie.

Mfanyabiashara wa Mbagala

Ndugu mleta mada, mimi nimeuza mkaa kwa miaka mingi na nitakueleza kama ninavyomweleza mteja wangu wa kudumu. Usianze na bei, wala usianze na jina la mahali ulikotoka, kwa sababu Kilosa, Handeni, Rufiji na Kilwa kote kunatoka mkaa mzuri na kunatoka mkaa mbaya. Anza na kipande kilichoko mkononi mwako.

Chukua vipande viwili vya ukubwa wa ngumi uvigonganishe. Mkaa ulioiva vizuri na kukauka hutoa mlio mkali kama wa chuma au kigae, ilhali ulioloa au ambao haukuiva hutoa mlio mzito uliofifia. Kisha uvunje kimoja. Ndani panapaswa kuwa peusi pote na pang'ae kidogo, na mistari ya mti ionekane wazi. Ukikuta katikati pana rangi ya kahawia, ujue tanuri lilifunguliwa mapema na humo bado mna kuni; hapo ndipo unapotoka moshi unaouchukia. Tazama pia magamba, kwa kuwa mkaa wenye magamba mengi hurusha cheche na kuacha majivu mengi. Mwisho, upime uzito kwa kiganja: vipande viwili vinavyolingana kwa ukubwa, kile kizito kimetokana na mti mgumu na kitadumu zaidi kwenye jiko, mradi uzito huo usiwe wa maji.

Sasa tuje kwenye gunia. Gunia la lumbesa, lile lililojazwa hadi likapandishwa kilemba juu na kufungwa kwa kamba na majani, hupangwa. Vipande vikubwa vinavyopendeza huwekwa juu na pembeni, na katikati na chini ndiko zinakojificha chenga. Mwombe muuzaji alimwage kwenye turubai kabla hujalipa. Muuzaji mwaminifu hatakataa, hasa ukimwambia kwamba chenga utazichukua pia kwa bei yake, na asiyekubali usibishane naye. Nenda kwa mwingine.

Mama wa Kigamboni

Nakubaliana na aliyetangulia, ila naongeza jambo moja kuhusu bei. Kopo na gunia vyote ni vipimo vya ujazo, na ujazo unadanganya, kwa sababu mkaa mwepesi hujaza kopo sawasawa na mkaa mzito. Beba mzani mdogo wa kuning'iniza au umwombe mwenye duka la nafaka jirani akupimie. Tuseme gunia la shilingi 80,000 lina kilo 50: hiyo ni shilingi 1,600 kwa kilo. La pili ni la shilingi 65,000 lakini lina kilo 35, na humo kilo tano ni chenga zisizofaa kuchomea nyama. Kilo 30 zinazobaki zimekugharimu zaidi ya shilingi 2,100 kila moja. Lile lililoonekana ghali ndilo la nafuu. Kaka yangu, pima kwanza.

Mchoma nyama wa Sinza

Mimi naona mkaa mwepesi unaonewa bure. Mkaa wa mwembe au mkorosho, ambao huletwa sana kutoka upande wa Mkuranga, ni mwepesi kuliko ule wa miti ya miombo kama mtondoro, lakini huwaka haraka na kuleta moto mkali kwa muda mfupi. Kwa mishikaki midogo, pweza au samaki wa kupasua, huo moto mfupi ndio unaotakiwa, na kutumia mkaa mzito kwa kazi hiyo ni kuchoma fedha bila sababu. Mkaa mzito uuweke kwa ajili ya mguu wa mbuzi, mbavu na kuku mzima, ambavyo huhitaji moto wa wastani usiochoka. Kijiweni kwangu ninachanganya: mwepesi chini kwa ajili ya kuwashia, mzito juu.

Jambo lingine, usiusambaze mkaa jiko zima. Usogeze upande mmoja wa pipa, ili upande wa pili ubaki na joto tu. Kuku aanzie upande wa joto hadi aive ndani, kisha umhamishie juu ya moto kupata rangi. Utashangaa jinsi mkaa unavyopungua kutumika, na mafuta hayatadondokea moto na kuleta ndimi za moto zinazoiunguza nyama nje huku ndani ikiwa mbichi.

Mkazi wa Goba (mleta mada)

Nawashukuru sana. Hilo la kugawa mkaa kwa aina ya nyama sikuwahi kulifikiria. Je, mkaa mbadala ule wa kushindiliwa, unaouzwa kwenye mifuko, unafaa kuchomea nyama? Nimeona unauzwa kwa bei ya kuvutia.

Mdau wa misitu, Kimara

Inategemea umetengenezwa kwa nini, na swali hilo uliulize kila mara. Ule wa vifuu vya nazi ni mzuri sana kwa nyama: moshi wake ni mdogo, joto lake halibadilikibadiliki na unakaa muda mrefu. Ule wa chenga za mkaa zilizogandishwa kwa udongo hufaa zaidi kuchemshia maharage kuliko kuchomea nyama, maana una majivu mengi na joto lake ni la chini. Na ule wa makaa ya mawe, kama Rafiki Briquettes wa STAMICO, yaani Shirika la Madini la Taifa, ulikusudiwa kupikia chakula kilichomo ndani ya sufuria. Nisingekushauri kuweka nyama wazi juu yake, kwa sababu moshi wa makaa ya mawe si wa kugusana na chakula.

Kuhusu uhalali, mkaa unaosafirishwa kuingia mjini unatakiwa kuwa na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo wenyewe wanaiita TP, inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Mnunuzi wa gunia moja haipewi, lakini muuzaji wa jumla anayo au anajua shehena yake ilikuja na ipi, na kumuuliza si kumkosea adabu. Wilayani Kilosa vipo vijiji vilivyopangiwa maeneo ya kuvuna mkaa kwa awamu ndani ya misitu yao wenyewe, ambapo visiki huachwa vichipue upya na ushuru huingia kwenye mfuko wa kijiji. Mkaa wa namna hiyo, ukimpata muuzaji anayeweza kuonyesha ulikotoka, unastahili kuongezewa fedha kidogo. Wa mikoko uukatae hata ukipewa kwa nusu ya bei. Mikoko ni msitu wa hifadhi, na mikoko ndiyo inayozuia bahari isile ufukwe wa Kigamboni na Kunduchi.

Naomba pia tuelewe kwa nini mkaa mzuri una gharama. Katika tanuri la kawaida la udongo, tani kumi za kuni hutoa takriban tani moja hadi mbili tu za mkaa. Mchomaji mwenye subira anayepanga magogo makavu na kulilinda tanuri lisipate hewa hupata mkaa mwingi na ulioiva. Mwenye haraka hukuuzia zile kuni za kahawia alizozitaja mwenzetu wa Mbagala.

Mama wa Kigamboni

Niongeze kidogo kuhusu majira. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, barabara za vijijini huharibika, mkaa huadimika na ule unaofika huwa umeloa. Nunua gunia lako kiangazi, kati ya Julai na Oktoba, ulihifadhi juu ya mbao mahali pasipovuja.

Usiwashie mafuta ya taa wala mifuko ya plastiki, kwa kuwa harufu yake huingia kwenye nyama. Vifuu vikavu viwili vitatu vinatosha. Mabaki ya mbao kutoka kwa mafundi samani wa Keko yanafaa pia, lakini yawe mbao tupu zisizo na vanishi, rangi wala gundi. Subiri mkaa ufunikwe na majivu meupe ndipo uweke nyama. Ukimaliza, usimwagie maji: ufukie kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko ili ukose hewa, uiache nje hadi kesho, usiiingize ndani kamwe kwa sababu gesi yake huua bila harufu. Mkaa uliozimwa hivyo huwaka upesi mara ya pili, na mimi huutumia kuwashia mpya.

Mkazi wa Goba (mleta mada)

Nimeelewa, na nawashukuru nyote. Jumamosi nitakwenda Kimara na mzani na turubai. Nitachukua gunia moja la mkaa mzito, na ule wa mwembe nitanunua kwa kopo kila tunapochoma mishikaki. Ndugu wa Mbagala, nikikuta gunia zuri ila lina unyevu kidogo, nipunguziwe bei au niliache?

Mfanyabiashara wa Mbagala

Kama ukivunja kipande ndani ni cheusi na unyevu ni wa nje tu, lichukue kwa bei pungufu, uuanike juani siku mbili kabla ya kuutumia, ukiugeuza mchana. Lakini usilipime kwa kilo siku hiyo, maana utakuwa unanunua maji. Na kama mkaa umeanza kupasukapasuka na kumomonyoka ukiushika, uliache. Huo ulinyeshewa zaidi ya mara moja, na hata ukikauka utaishia kuwa chenga.