Vichekesho vya mambo yasiyowezekana redioni: msikilizaji anapotea njiani, tufanyeje?

NdagaFijo (Mbeya)

Wakuu, habari za jioni. Tuko watu sita, tunaandaa kipindi cha vichekesho cha dakika 15 kwa ajili ya redio ya jamii. Si vile vya mlevi kurudi nyumbani usiku. Hivi ni vya mambo yasiyowezekana: Kimondo cha Mbozi, lile jiwe la angani lililoko Ndolezi, kinafuata kitambulisho cha taifa, ukungu wa Uyole unashitakiwa kwa kuficha nyumba ya mtu, treni ya TAZARA inagoma kuondoka mpaka ibembelezwe. Kila kipindi kina michezo minne.

Waliosikiliza majaribio wana malalamiko mawili. Hawajui mchezo unatokea wapi wala nani anaongea na nani, halafu milio inafunika maneno. Vifaa: maiki moja ya USB, kompyuta mpakato, Audacity (programu ya kurekodi na kuhariri sauti), chumba cha bati kisicho na dari. Naomba msaada kuanzia skripti mpaka faili la kupeleka redioni.

Kamwene_Iringa

Mkuu, anza na skripti, maana mchezo uliopotea kwenye karatasi hauokolewi na mitambo. Kila mchezo uwe na jambo moja tu la ajabu, na mengine yote yaende kama yanavyokwenda kila siku. Jiwe likishaongea, basi. Karani asishangae, afuate utaratibu wa ofisi mpaka mwisho. Akianza kupiga kelele "Mungu wangu, jiwe linaongea!" mchezo umekwisha hapo hapo. Nikitumia huo wa kwenu:

MLIO: Mlango wa mbao. Hatua mbili nzito. Vikombe vinatetemeka mezani.
KARANI: Shikamoo mzee. Si wewe wa kule Ndolezi?
KIMONDO: Marahaba. Nimefuata kitambulisho.
KARANI: Barua ya mwenyekiti wa kijiji unayo?
MLIO: Karatasi inakunjuliwa.
KARANI: Sawa. Mahali ulipozaliwa?
KIMONDO: Juu.
KARANI: Juu wapi? Hapa tunaandika kata na wilaya.
KIMONDO: Juu kabisa.
KARANI: Haya, hilo tutauliza wilayani. Weka kidole hapa.
(Kimya, sekunde mbili.)
KARANI: Chochote tu, mzee.

Hesabu sekunde kumi za mwanzo. Msikilizaji ameshajua ni ofisini, kuna karani, kuna mzee mzito kutoka Ndolezi, na anataka nini. Hakuna aliyesema "tupo ofisini". Mlango, vikombe na barua vimetosha. Baada ya hapo tatizo lipande ngazi mbili tatu, likifika juu kata. Dakika mbili na nusu zinatosha kabisa.

Sauti nazo: zisizidi tatu katika mchezo mmoja, na zitofautiane kwa umri na kasi. Wanaume wawili wa rika moja wenye sauti ya kati, msikilizaji atawachanganya hata wakitajana majina kila mstari. Wachekeshaji Pwagu na Pwaguzi wa RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam) walikuwa wawili, na hiyo ilikuwa nguvu yao. Nawasihi pia msifanye lafudhi ya Kinyakyusa au Kihehe ndiyo iwe kichekesho. Mhusika awe nayo akitaka, lakini achekeshe kwa anachokitaka.

Fundi_Milio

Naongezea upande wa milio. Mlio uje kabla ya neno au baada yake, usikae juu yake. Mandhari (sauti za soko, stendi, mvua) yasikike peke yake sekunde tatu, kisha yashuke desibeli 15 hadi 20 chini ya sauti za watu na yabaki huko. Mengi ya malalamiko mliyopata yataisha hapo.

Hatua za Kimondo: angusha mfuko wa mahindi wa kilo 20 juu ya ubao uliolala sakafuni, kisha kwenye Audacity ifanye sauti iwe nzito zaidi kwa nusutoni (semitones) 6 hadi 8. Usiishie hapo. Wengi watasikiliza kwa spika ya simu, na spika hiyo haitoi mngurumo wa chini. Hatua yako nzito itapotea yote. Kinachobeba uzito ni vikombe vinavyotetemeka, kwa sababu sauti yake iko juu na inapita kwenye spika yoyote. Rekodi vikombe viwili vya udongo juu ya sinia la bati, vianze mara tu mfuko unapotua.

Moto: finyanga karatasi ya biskuti sentimita 10 kutoka kwenye maiki. Mvua: mwaga mchele polepole kwenye sinia lililotandikwa kitambaa chepesi, maana mvua halisi ya juu ya bati ikirekodiwa inasikika kama redio isiyoshika stesheni. Radi: tikisa bati jembamba la urefu wa mita moja. Kiti kuvunjika: vunja mabua makavu manne kwa pamoja huku mwenzako anakanyaga kasha la nyanya.

Ukungu ndio mgumu kwa sababu hauna mlio. Mpe msikilizaji kile ambacho ukungu unafanya. Anza na barabara ya Uyole yenye kelele zake zote, malori, honi, wauza viazi, kisha kata masafa yanayozidi 2000 Hz (sauti nyembamba za juu) taratibu kwa sekunde nne. Dunia nzima itazibwa. Hapo ndipo ukungu uingie na kusema, "Naitwa mimi?" Ukishafanya hivyo mara moja, mchezo mzima msikilizaji akisikia dunia inazibwa anajua nani kaingia. Kipindi cha vichekesho cha redio The Goon Show cha BBC (1951 hadi 1960) walikwenda njia hii: mlio uliandikwa kwenye skripti na kupewa kazi kama mwigizaji.

Mitambo_Dada

Chumba cha bati kisicho na dari kitawatesa kuanzia Novemba mpaka Aprili, mvua ikianza hamna kipindi. Rekodini asubuhi. Mwangwi unatibika kwa mablanketi mazito, na Mbeya hakuna nyumba isiyo nayo: tundika matatu kwenye kona, nyuma ya mwigizaji. Watu wengi huyatundika nyuma ya maiki, ilhali maiki ya aina hiyo inasikia zaidi upande wa mbele, yaani inasikia ukuta ulio nyuma ya msemaji.

Mdomo ukae sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye maiki, na maiki iinamishwe kidogo pembeni ili "p" na "b" zisipige. Vilele vya sauti (pale inapopanda zaidi) vicheze kati ya -12 na -6 dB (desibeli) kwenye kipimo cha Audacity. Anayeongea kutoka mlangoni asogee nyuma mita moja na ageuze uso; msimtengenezee umbali kwa kupunguza sauti tu, sikio linagundua. Waigizaji warekodi pamoja. Mkirekodi mmoja mmoja na kuunganisha, kile kimya kabla ya "Chochote tu, mzee" hakipatikani, kwa sababu kinatokana na mtu kumsubiri mwenzake. Milio pekee ndiyo iwe kwenye njia zake (tracks) ndani ya Audacity.

Mwisho kata masafa ya chini ya 80 Hz kwenye sauti za watu, unganisha kuwa mono (njia moja ya sauti), vilele visizidi -3 dB, toa WAV ya 48 kHz. Kabla ya kupeleka, isikilize kwenye simu ndani ya bajaji inayotembea. Neno lisilosikika humo, lipandishe.

Kamwene_Iringa

Nimesahau wanaofungulia redio katikati. Mwaka 1938 huko Marekani mchezo wa redio uliigiza taarifa za habari za uvamizi kutoka sayari ya Mars, na baadhi ya waliochelewa kufungulia wakadhani ni kweli. Kwa hiyo msitumie mdundo wa taarifa ya habari wala tangazo la dharura, hata kwa sekunde mbili. Kati ya mchezo na mchezo wekeni kionjo cha sekunde tatu chenye jina la kipindi. Muziki wake upigeni wenyewe, vinginevyo mtahitaji kibali cha hakimiliki.

NdagaFijo (Mbeya)

Nawashukuru sana, ndaga. Swali la mwisho: tuweke kicheko cha watu nyuma?

Fundi_Milio

Hapana, mkuu. Kitafunika mstari unaofuata, na kitawaambia watu jiwe ni utani, wakati karani ameshalichukulia kama mwananchi mwenye haki zake. Acheni nusu sekunde ya mandhari baada ya mstari mzito, sekunde nzima kama mstari umefunga mchezo. Mandhari yaendelee, yasikatwe, la sivyo itasikika kama mitambo imezima.