Bajeti ndogo: je, michoro ina uzito gani katika kitabu cha mchezo wa mashujaa?

Swali
Wadau, salaam. Ninaandika kitabu cha kanuni za mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza shujaa mwenye nguvu zisizo za kawaida. Kanuni zimekamilika na tumekwisha kuzijaribu, lakini fedha nilizonazo hazitoshi kuwalipa vizuri mhariri na mchoraji kwa pamoja. Wenzangu wanashikilia kwamba michoro ni pambo tu, kwa kuwa mchezo wenyewe huendeshwa kwa maneno na dadu. Je, nikiipunguza nitapoteza nini?

Jibu la kwanza
Ndugu, kwa michezo ya aina nyingine hoja hiyo ingeweza kusimama, lakini mashujaa hawa walizaliwa katika majarida ya katuni, na msomaji huwatambua kwa vazi, rangi na mkao kabla hajasoma neno lolote. Chukua mchezo wa Champions, uliotoka Marekani mwaka 1981. Humo mchezaji hununua nguvu kwa pointi kufuatana na matokeo yake, hivyo pigo la nishati lina hesabu ileile, liwe la moto, la barafu au la radi. Sura yake huibuni mchezaji mwenyewe. Kanuni za namna hiyo zikikosa michoro, kitabu hugeuka daftari la mhasibu, na anayeanza hapati pa kushika. Villains and Vigilantes wa mwaka 1979 ulikuwa na bahati, kwani Jeff Dee, mmoja wa watunzi wake wawili, alikuwa pia mchoraji.

Jibu la pili
Ninaafiki, ila tutofautishe. Kampuni ya michezo ya TSR ilipotoa mchezo wa mashujaa wa Marvel mwaka 1984, wasomaji wengi walikuwa wanamjua Spider-Man tangu zamani. Wahusika wako hawajulikani na mtu, kwa hiyo mchoro ndio utakaowatambulisha. Zingatia pia mtindo: katika ICONS wa mwaka 2010, Dan Houser alichora kwa namna ya katuni za televisheni, na ukifungua tu unahisi kwamba kanuni zake ni nyepesi. Kwa maoni yangu, michoro michache ya mkono mmoja ni bora kuliko mingi iliyookotwa huku na kule.

Jibu la tatu
Mimi ni mchoraji, nami ninakusihi usiniagize tu "shujaa mwenye nguvu". Niagize tukio: ameinua basi kwa bampa, lami imepasuka chini ya visigino vyake, na abiria wameng'ang'ania viti madirishani. Mchoro huo ukikaa ukurasa mmoja na kanuni ya nguvu za mwili, msomaji ataelewa kiwango chake kabla ya kufika kwenye jedwali. Tafadhali muandikiane mkataba unaotaja iwapo utaruhusiwa kutumia michoro hiyo katika matangazo na matoleo yajayo. Wachoraji wengi tumeumia hapo.

Muuliza swali
Ninawashukuru sana. Nitatafuta mchoraji mmoja, jalada liwe la rangi na kurasa za ndani nyeusi na nyeupe, ili mhariri naye abaki. Je, nianze na jalada au na mashujaa wa mfano?

Jibu la tatu
Anza na mashujaa. Mavazi yao yakishakubaliwa, jalada litawachukua kama walivyo, nawe hutalipia marekebisho mara mbili.