Fonti za zamani zinaingia Windows 11 lakini Word haizioni

MpangaKurasa
Habari wakuu. Nina kitabu kilichopangwa miaka ya 90, na mwenye nacho anataka kichapwe upya vilevile, na masahihisho machache tu. Faili za fonti ninazo, zimejaa folda moja: majina ya herufi nane nane yenye vistari vya chini, nyingine zinaishia na PFB, nyingine PFM, nyingine AFM. Kompyuta ni mpya, ina Windows 11. PFB nikiibofya, kimya. PFM inakubali kusakinishwa, na fonti naiona kabisa kwenye folda ya fonti za Windows. Nikifungua Word, haipo. Halafu kuna zilizotoka kwenye Mac ya zamani, hizo zinaonyesha baiti 0. Zimekufa, au kuna namna? Natanguliza shukrani.

Chapchap
Achana nazo mkuu, tafuta fonti mpya inayofanana. Au zipandishe kwenye zile tovuti za kugeuza fonti, dakika moja tu umemaliza.

FundiWino
Mkuu, usiachane nazo, na huko kwenye tovuti usizipeleke.

PFB zako ni nzima. Hizo ni PostScript Type 1, aina ya fonti ya kampuni ya Adobe tangu miaka ya 80, na kwa muda mrefu ndizo zilizobeba kazi ya uchapaji. Fonti moja ni faili mbili: PFB ina maumbo ya herufi, PFM ina vipimo. Ndiyo maana unabofya PFM huku PFB ikiwa folda hiyohiyo. Kwako imekubali, kwa hiyo Windows haina neno. Anayezikataa ni Word: Office ya Windows iliacha kuzisoma tangu toleo la 2013. LibreOffice, ile ya bure inayofanana na Office, ikaacha kwenye toleo la 5.3, mwaka 2017. Adobe yenyewe, mama mzazi, ilizifungia mlango Januari 2023. Kusakinisha tena na tena ni kujichosha bure.

Dawa ni kuzigeuza ziwe OTF, aina ya fonti ya kisasa ambayo Word inaisoma, kwa FontForge, programu ya bure. Nakili folda nzima pembeni, za asili usiziguse. Fungua PFB, kisha (wengi huruka hapa) ingia menyu ya faili, tafuta amri ya kuunganisha taarifa za fonti, uipe AFM yenye jina lilelile. Ndani ya AFM kuna orodha ya jozi za herufi zinazosogezwa karibu karibu, na PFB peke yake haina orodha hiyo. Usipoiunganisha, fonti itafunguka na utaiona safi tu, ila W na a za "Wakati", T na a za "Tangu", Y na a za "Yapo" zitaachana. Na Kiswahili jinsi kilivyo, sentensi ngapi zinaanza na Wa- na Ya-? Mstari unarefuka kidogo, neno la mwisho linashuka, aya inaongezeka mstari, na ukifika katikati ya kitabu kurasa hazilingani tena na za zamani. Tovuti unayoipa PFB peke yake haiwezi kukurudishia orodha ambayo hukuipa.

Toa OTF, siyo TTF, ile aina nyingine ya fonti. Mikunjo ya Type 1 ni ya aina ileile inayotumika ndani ya OTF, ikienda TTF inakadiriwa upya. Jina la ndani la fonti liache lilivyo ili faili la kitabu liitambue, lakini ile uliyosakinisha kwa PFM iondoe kwanza. Mbili zenye jina moja zitakuvuruga. Na wakati wa kusakinisha chagua watumiaji wote. Ukichagua mtumiaji mmoja, Windows inaiweka kwenye folda yake binafsi, na kuna programu za zamani haziangalii huko.

Leseni isome pia, nyingine zinakataza kugeuza.

SandukuLaMac
Naongezea kuhusu za baiti 0. Kwenye Mac ya zamani faili lilikuwa na sehemu mbili, na fonti ilikaa yote kwenye ile sehemu ya pili ambayo Windows haiijui. Likinakiliwa kwenye flashi ya kawaida, sehemu hiyo mara nyingi inaachwa nyuma, linabaki jina tupu. Jina tupu halina cha kukarabati. Rudi kwenye diski yenyewe: iunganishe na Mac, faili zibanwe hukohuko ndipo zihamishwe. FontForge inaweza kuzisoma zikifika nzima.

MpangaKurasa
FundiWino, ubarikiwe. Nimeanza na ya kawaida na ya mlazo, Word inaziona zote, na "Wa" imekaa ilivyo kwenye kitabu cha zamani. Nimeviweka viwili ubavuni, sioni tofauti. Diski ya Mac naendelea kuitafuta. Kimebaki kitu kimoja: sura ya tatu bado inavuja mstari mmoja kwenda ukurasa unaofuata.

FundiWino
Hiyo si fonti tena. Tazama mwisho wa mistari: programu mpya inakata maneno mahali pengine, au haikati kabisa. Zima ukataji wa maneno kwenye aya hiyo tu, halafu kata kwa mkono palepale kilipokata kitabu cha zamani. Kama bado, angalia nafasi kati ya mistari imeandikwa kwa pointi au imeachwa ijipange yenyewe. Iandike kwa pointi.