Nimechaguliwa UDSM mwaka wa kwanza, nikae hosteli za chuo au nitafute geto mtaani?

Kijana_wa_Lizaboni

Wakuu heshima zenu. Niko Songea, nimemaliza fomu siksi mwaka huu nimechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), mkopo nimepata na hela ya chakula na malazi imo. Kinachonisumbua ni pa kulala. Kuna kaka wa jirani yetu alisoma hapo zamani anasema hosteli za chuo ni msongamano tupu, makelele, maji ya kuvizia, bora nikapange geto, yaani chumba cha mtaani, huko Changanyikeni jirani na chuo nisome kwa nafasi yangu. Akanipa na namba ya dalali, dalali kanitumia picha za masta (chumba chenye choo chake ndani) kali kweli, tailizi mpaka ukutani, anasema laki na nusu kwa mwezi, ila mwenye nyumba anataka miezi sita na yeye dalali mwezi mmoja juu. Sasa anasema nitume laki mbili ya kushikilia chumba maana kuna mtu mwingine anakitaka leoleo. Mama anasema nikae ndani ya chuo ndo kwenye usalama. Mzee yeye kasema nyie ndo wasomi mtajua wenyewe. Dar nimefika mara moja tu tena msibani Mbagala, kwaiyo mkiniambia Msewe au Mabibo naona giza. Waliopita hapo naombeni muongozo.

Mzee wa Yombo

Dogo kwanza hongera. Pili usitume hata mia. Chumba ambacho hujakanyaga sio chumba hicho ni picha, na hizo picha za tailizi zinazunguka kwenye magrupu kila mwaka kuanzia mwezi wa tisa matokeo ya udahili yakitoka, mtu yuko Tandika huko anapangisha Changanyikeni. Hata dalali wa kweli hela yake anachukua ukishaonana na mwenye nyumba mkaandikishana, kabla ya hapo labda akuombe ile elfu kumi yake ya kukuzungusha.

Haya tupige hesabu maana naona hakuna aliyekupigia. Laki na nusu mara sita ni laki tisa, na dalali laki na nusu, jumla milioni moja na elfu hamsini. Boom, yaani hiyo hela ya mkopo ya chakula na malazi, ni elfu 10 kwa siku, ilipanda mwaka 2022 kutoka 8,500, na huwa inaingia kwa mafungu ya kama miezi miwili, yaani laki sita hivi. Tena fungu la kwanza halikusubiri getini, mpaka usajiliwe, jina lije, usaini, ukae ukiangalia simu kila ikilia. Kwaiyo kabla hujaona boom lolote unatakiwa uwe na milioni na ushee ya mzee, na hapo hujanunua godoro, hujala. Fungu likija nalo ni la kula. Mwanafunzi anayeanzia hapo mwezi wa pili tu utamkuta anakopa elfu mbilimbili za wali maharage.

Na kitu ambacho dalali hawezi kukwambia, chuo kinafungwa likizo ndefu kama miezi mitatu, boom hakuna, wewe uko Songea kwa mama unakula ugali wa bure ila kodi Changanyikeni inahesabu. Ukirudi umelipia mende wamelala.

bint_Sinza

Mzee wa Yombo umemaliza kwenye hela, mi niongezee kwenye maisha yenyewe.

Mdogo wangu mimi mwaka wa kwanza nilikaa bweni la chuo na sio kwamba lilikuwa peponi. Maji yakikatika mnapanga ndoo kwenye bomba la chini tangu saa kumi usiku, ndoo zimeandikwa majina kwa rangi ya kucha, na usipoamka mwenyewe yako inasogezwa nyuma kimyakimya hujui nani kasogeza. Kupika hairuhusiwi, wakikukuta na hita au raisi kuka wanabeba. Rumumeti unapangiwa, mimi nilipangiwa na dada anasali kwa sauti saa tisa usiku kila siku ya Mungu. Lakini niliwajua watu! Past pepa zote nilizipata koridoni, habari ya kipindi kimehamishwa naijua kabla sijapiga mswaki, siku naumwa malaria nilibebwa na watu ambao hata majina yao ya pili siyajui. Ukikaa geto mwaka wa kwanza hujui mtu, meseji ya CR (kiongozi wa darasa) inakukuta uko kwenye foleni ya bajaji na testi imeshaanza.

Omba bweni kwenye ARIS, ule mfumo wa chuo wa mtandaoni, mapema dirisha likifunguliwa, usisubiri ufike. Mwaka wa kwanza huwa wanafikiriwa, ila ukishapangiwa unapewa kontroo namba, usipolipia ndani ya muda wanampa mwingine na hapo usije ukalia. Hela yenyewe unahesabiwa kwa siku, ni shilingi mia kadhaa tu kwa siku, muhula mzima haifiki hata kodi ya miezi miwili ya hiyo masta yako.

Injinia Mtarajiwa

Naona mnamtisha dogo na geto kama vile kila anayepanga anafeli. Mi nimepanga Msewe tangu mwaka wa pili na nipo vizuri, napika mwenyewe, nasoma mpaka saa nane hakuna mtu wa kuniwekea singeli. Ila nakubali MWAKA WA KWANZA subiri kwanza, upange baadaye ukishawajua wenzio. Siri ya geto ni kuwa wawili, hiyo laki na nusu mkigawana ni sabini na tano sabini na tano, na ndo maana haitakiwi ukapange kabla hujafika maana hujui utakaa na nani. Wenye nyumba wa huku wengine ukiongea nao vizuri wanakubali miezi mitatu, hasa ukienda mwenyewe bila dalali, unaingia tu mtaani unamuuliza mangi wa duka, yeye anajua nani kahama jana.

Ukija kupanga uliza Luku kabla ya kuuliza tailizi. Nyumba ya kwanza niliyokaa tulikuwa wapangaji watano mita moja, kila jumamosi mwenye nyumba anakusanya elfu kumi kumi, wakati mimi nina taa na chaja ya simu na jamaa wa chumba cha pili ana friji anauza barafu za mtaa mzima. Ukihoji unaambiwa nyie wanafunzi mna maneno sana. Na mkataba muandikishane serikali ya mtaa, usikubali karatasi ya daftari.

bint_Sinza

Na kwa wadada wanaosoma hapa, geto angalia geti na njia ya kurudia usiku kabla ya kuangalia bei. Maktaba unatoka saa nne, sehemu nyingine daladala haiingii ndani, unashuka barabarani unamalizia kwa mguu au unalipa boda kila siku. Chumba cha elfu sitini chenye boda ya elfu mbili kila usiku sio cha elfu sitini hicho.

Mchizi wa Mwenge

Suluhisho rahisi, abebwe. Wote tulibebwa 😂

Mzee wa Yombo

Usimpoteze mtoto wa watu. Dogo, kubebwa ni kulala kwenye kitanda cha mwenye nafasi, wawili kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, chuo hakitambui kabisa na ukaguzi ukipita anayeumia zaidi ni yule aliyekubeba. Kwa wiki moja umekwama sawa, usije na mpango huo toka Songea.

Nyumba za chuo unazoweza kupangiwa: kuna mahall (mabweni) ya zamani ya Mlimani, kampasi kuu, yapo ndani kabisa, kuna hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017, blok 20 zinabeba wanafunzi 3,840, hizo nazo darasani unatembea tu. Halafu kuna Mabibo, hii ni ya chuo ila iko nje, unapanda gari kuja Mlimani na asubuhi lile eneo la Ubungo unalijua mwenyewe, japo baada ya zile barabara za juu kufunguliwa 2021 kumepungua kidogo. Ukipangiwa Mabibo usikatae, ni vile tu ujue unaamka mapema.

mama Junior

Samahanini naingilia, mi ni mzazi. Mbona hakuna aliyemuuliza huyo kijana anaenda kusoma nini?

Injinia Mtarajiwa

Mama hapo umetupiga bao. Dogo kozi gani?

Kijana_wa_Lizaboni

Shikamooni wote, asanteni sana kwa kweli. Nimechaguliwa Computer Science.

Injinia Mtarajiwa

Aaah. Sasa mbona ulikuwa kimya. Computer Science iko CoICT, ndaki ya TEHAMA ya chuo, na CoICT haipo Mlimani ipo KIJITONYAMA, upande wa Sayansi kule karibu na Kijiji cha Makumbusho. Hiyo Changanyikeni ya dalali ungelipa milioni halafu kila siku unapanda magari mawili kwenda darasani. Nauli sahivi mia sita gari moja, mawili kwenda mawili kurudi ni 2,400 kwa siku, siku ishirini na mbili za masomo ni elfu hamsini na mbili mia nane kwa mwezi inaishia kwa konda. Na ile nauli ya mia mbili ni ya wanafunzi wenye yunifomu, wewe wa chuo unalipa kama baba wa watu.

Mzee wa Yombo

Duh, kweli bwana, mama Junior ungekuja mapema. Kwaiyo dogo hesabu inageuka hivi, hosteli ya chuo bado omba, hata wakikupa Mlimani bado ni nafuu kuliko geto lolote hata ukiweka nauli, na vile vipindi vinavyosomwa Mlimani unakuwa hapohapo. Ukikosa kabisa ndo utafute mtaani, na utafute upande wa Kijitonyama, Sinza, Mwenge, usivuke kuja Changanyikeni. Bei za kule zimechangamka kidogo kwaiyo sahau masta, chumba singo, mtu wawili.

bint_Sinza

Sinza ukienda kwa ndani kuna vyumba vya uani, choo cha pamoja, vya bei ya kawaida tu. Ila uliza mvua ikinyesha maji yanaelekea wapi. Nenda ukaangalie siku ya mvua ikiwezekana, mwenye nyumba hawezi kukwambia.

mama Junior

Kijana huna ndugu yeyote Dar? Huyo mwenye msiba wa Mbagala je? Siku mbili tatu za kufika usilale stendi mwanangu.

Kijana_wa_Lizaboni

Yupo shangazi, Mbagala Rangi Tatu. Nimeongea na mama sahivi anasema atampigia jioni. Dalali nimemwambia nitakuja mwenyewe kukiona kabla ya kulipa, kaniandikia "poa" halafu ameniblok 😅

Ombi la ARIS nalifanya kesho nikipata bando. Swali la mwisho, godoro nibebe huku kwenye basi au nikanunue huko?

Mchizi wa Mwenge

Godoro kwenye basi la Songea watakulipisha kama abiria. Nunua Dar ukishajua kitanda chako kina upana gani. Njoo na shuka, chandarua na unga wa mama.

bint_Sinza

Na ndoo ununue yenye mfuniko. Jina andika mwenyewe siku hiyohiyo.