Obergefell ilipimwa kwa kipimo kipi? Nimekwama

BabaTatu:
Wakuu, habari zenu. Usiku naendesha teksi Minneapolis, mchana nasoma kozi ya wasaidizi wa kisheria. Jana mwalimu katuuliza: kesi ya Obergefell ya 2015, ile ya ndoa za jinsia moja, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitumia kipimo gani cha usawa, yaani sheria inayogawa watu ilipimwa kwa ukali gani? Darasa kimya. Nikajitosa: "Kile cha Loving." Akatabasamu tu, nikajua nimeteleza.

Loving naielewa, kesi ya Virginia kukataza ndoa za rangi mbili. Mume mzungu, mke mweusi, wameoana Washington mwaka 1958, wamerudi kwao Virginia, polisi wakawaibukia chumbani usiku. Mwaka mmoja jela, au wahame jimbo miaka 25. Virginia ikajitetea eti haibagui, maana inawafunga wote wawili! Mwaka 1967 majaji wote 9 waliikataa hoja hiyo. Sasa hii nyingine ina tofauti gani?

Wakili wa Kijiweni:
Mkuu, hapo wengi huanguka. Sheria ikigawa watu kwa rangi, kama kwenye Loving, serikali ndiyo inabeba mzigo: sababu iwe nzito mno, na njia iwe finyu, isizidi lengo. Hicho ndicho kipimo kikali. Ikigawa kwa jinsia, mzigo wa kati. Mambo ya leseni na kodi, sababu yoyote inayoingia akilini inatosha, ndicho kipimo chepesi. Wapenzi wa jinsia moja wako ngazi gani? Mahakama haijasema. Jaji Kennedy, kwa kura 5 dhidi ya 4, alisuka uhuru na usawa pamoja, swali la ngazi akaliruka. Kabla ya hapo, kwenye Romer ya 1996, sheria ya Colorado iliyozuia kuwalinda wapenzi wa jinsia moja dhidi ya ubaguzi ilianguka hata kwa kipimo chepesi, kwa sababu majaji hawakuona kingine nyuma ya sheria ile ila chuki.

Bin Mzee:
Msikitukuze hicho kipimo kikali. Kesi ya Korematsu, 1944, ilikitangaza kisha ikabariki Wamarekani wenye asili ya Japani kufukuzwa makwao. Na 2023 kikaangusha udahili wa Harvard uliozingatia rangi.

Shiru_Nakuru:
Huku Kenya Ibara ya 27(4) ya Katiba inakataza ubaguzi, inataja rangi, jinsia na mengine, ikianza na "ikiwemo", yaani orodha haijafungwa. Februari 2023 majaji wa Mahakama ya Juu yetu, 3 kwa 2, walisema neno jinsia linabeba pia mwelekeo wa kimapenzi, shirika la wapenzi wa jinsia moja lisinyimwe usajili. Lakini kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, kinachotumiwa kuharamisha ngono ya jinsia moja, kiko palepale.

BabaTatu:
Kumbe jibu ni "haikutaja". Alhamisi nanyoosha mkono. Akitabasamu tena, Wakili, nakupigia simu mbele ya darasa.