Tupeane uzoefu: sabuni ya tui la nazi na maziwa mengine ya mimea

MamaSwabra_Ngamiani
Wapika sabuni wa Tanga mpo? Leo pale sokoni Mgandini nimekuta dada kapanga vipande vyeupe pee, anasema ni sabuni ya tui la nazi. Nikabaki naviangalia tu maana za kwangu zinatoka na rangi ya kashata ya sukari guru. Namuuliza unafanyaje, anacheka, siri ya biashara. Haya wenye kutia tui, soya, korosho, chochote cha mmea, semeni yaliyowapata.

Makorora_Boy
Sukari ya kwenye tui ndo inaungua hiyo. Kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, ikikutana na maji matupu tu inapanda nyuzi 80 na zaidi, sasa weye unaimwagia tui unategemea nini 😂

BintiPangani
Gandisha tui shoga. Usiku kwenye trei ya barafu, asubuhi unanyunyiza kostiki kidogo kidogo juu ya mabonge huku unakoroga, yanayeyuka taratibu na rangi inabaki ya krimu.

Fundi_Pongwe
Friza ya nini na umeme huu unaokatika kila saa. Yeyusha kostiki kwenye maji, uzito sawa kwa sawa, iache ipoe. Maji yaliyobaki kwenye hesabu yako ndo unatia tui badala yake, tena mwishoni, mafuta uliyoyatilia kostiki yakishaanza kuwa uji. Huyo wa Mgandini anafanya hivyo hivyo, hamna siri.

MkeWaMtu_Chumbageni
Mada hii imenikumbusha nisichotaka kukumbuka. Wakati huo tunakaa kwa wakwe, jiko la uani, na mnajua kwetu kila kitu nazi. Nimekuna nazi zangu nikakamua tui la kwanza tupu, nikatia kostiki kwenye ndoo ya plastiki, glovu na miwani nimevaa, likageuka njano ile ya kuelekea machungwa. Nikaiweka juu ya kabati ipoe, nimefunika na sahani na ubavuni nimeandika SUMU kwa mkaa. Mara simu, mzigo wangu wa mafuta ya nazi umefika stendi nikaupokee. Huku nyuma bi mkubwa anaingia jikoni, vibua vyake kashakaanga, anafunua ndoo anaona kitu cha njano kizito, miwani yake hana, akajua mkwe kamchujia tui na bizari keshatia kasahau tu kubandika. Kalimimina lote kwenye sufuria ya aluminiamu. Narudi nasikia kelele toka kwa jirani. Sufuria inachemka na moto hajawasha!! Inafoka mapovu, mvuke unakaba koo, bi mkubwa kasimama mlangoni na mwiko mkononi anasoma Ayatul Kursi, anasema humu ndani pametegwa kitu. Nikamtoa nje, tukaliacha mpaka likanyamaza lenyewe. Sufuria nyeusi tii, kitako kimeliwa ukiinyanyua juani unaona mwanga. Na nishukuru hakuonja, maana yule, mchuzi lazima aupitishe kiganjani aulambe kabla haujachemka. Mpaka kesho mawifi wananiita mganga.

Shangazi_Raskazone
Kiganjani 😳😳

Makorora_Boy
Nimecheka halafu nikanyamaza.

MzeeWaKazi
Mwanangu, kostiki haikai jikoni. Mama wa watu angekufa hapo.

MkeWaMtu_Chumbageni
Shikamoo mzee. Nyumba ya wakwe vyumba vimejaa, ningeiweka wapi, kitandani?

Shangazi_Raskazone
Kaandika SUMU bwana mnataka nini tena. Mtu anayefunua vyombo vya wenzie naye ana lake.

BintiPangani
Usimseme bi mkubwa. Jikoni ni kwake, mgeni ni ndoo.

MzeeWaKazi
Asante binti.

Fundi_Pongwe
Turudi kwenye sabuni. Kostiki inakula aluminiamu, inatoa joto na gesi ya hidrojeni, na hiyo gesi inashika moto. Bahati jiko la mkaa lilikuwa halijawashwa. Tumieni plastiki ngumu au stenlesi, na mwiko wa kupikia sabuni usirudi kwenye ugali.

Dada_Mabawa
Ikikurukia mkononi mwagia siki au ndimu fasta

Fundi_Pongwe
Usidanganye watu!! Maji. Maji ya kutiririka, mengi, dakika 15 na kuendelea. Ikiingia jichoni maji vilevile huku unatafutiwa usafiri wa hospitali.

Dada_Mabawa
Bibi yangu alikuwa anatia ndimu na alizeeka salama

Makorora_Boy
Bibi yako alikuwa na majivu dada sio kostiki ya dukani 😂

MamaSwabra_Ngamiani
Sasa mbona mie nimefundishwa kostiki inalowekwa siku 3? Fundi unasema ipoe tu.

Fundi_Pongwe
Ikishapoa iko tayari. Ukiiacha wazi inavuta hewa na nguvu inapungua, ndo mtu anaanza kuongeza kwa macho. Nunua mizani. Kilo 1 ya mafuta ya nazi inakula kostiki gramu 183 hivi, ukipunguza asilimia 5 ni kama 174, ndo ninayotumia mie. Mawese yanakula kidogo, 141 hivi kabla hujapunguza. Na tui zito lina mafuta yake mwenyewe, kwa hiyo ukilitia jingi usipunguze tena kostiki, sabuni italegea.

Dada_Mabawa
Mie napima kwa kikombe na wateja wanarudi

Fundi_Pongwe
Wanarudi kulalamika au kununua?

BintiPangani
😂😂 Nyie. Kingine, sabuni ya tui usiifunike na blanketi. Ile sukari inaongeza joto, unakuta imepanda katikati imepasuka inatoka kwenye boksi. Mie naiacha upenuni kwenye upepo wa bahari.

Muheza_Organiki
Soya nimetia, naikubali ila nayo inageuka rangi. Korosho chuja kwa kitambaa hasa, masalia yakibaki yanafanya madoadoa. Oti ndo sijaipenda, inateleza kama mlenda. Zote kausha wiki 4 kwenda juu, na masika usishangae ikitoka jasho, ni unyevu wa hewa tu.

Shangazi_Raskazone
Ya nazi tupu inanikausha ngozi, bora nichanganye na mawese. Ila nawapa sifa yake moja, hata kwa maji ya chumvi inatoa povu. Nyingine zote kisimani kwangu zinaganda utando.

MamaSwabra_Ngamiani
Na machicha je? Yale yananibakia mengi, nataka niyatie humo yawe ya kusugulia miguu.

Muheza_Organiki
Kausha kwanza mpaka yawe kavu kabisa, mabichi yanaota ukungu ndani ya sabuni.

Dada_Mabawa
Hamna, tia mabichi hayana shida

MkeWaMtu_Chumbageni
Mie machicha ni ya kuku, washazoea, nikichelewa wanakuja mpaka mlangoni.

Makorora_Boy
Mganga, na mayai unauza?